Viti Viwili, Paa Hakuna: Mwongozo wa Mwenye Boxer Mpya Nakivale

Wapo wanaoamini kwamba gari la michezo la viti viwili, lisilo na paa, ni mali ya matajiri wa Kampala na Dubai. Waje Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, asubuhi watoto wanapokwenda shule. Watayakuta yamepangwa kwenye steji ya bodaboda, mekundu, meusi na ya buluu: viti viwili, paa hakuna, injini katikati ya magoti ya dereva, upepo kila upande. Yanatoka kwa Bajaj Auto ya India, yanaitwa Boxer, na jipya moja linapita shilingi milioni 5 za Uganda. Kama umelipata majuzi, au umelipa awamu ya kwanza na ufunguo uko mfukoni, mwongozo huu ni wako.

Silinganishi bure. Mazda ilipoonyesha MX-5 mjini Chicago mwaka 1989, wahandisi wake walikuwa wamelenga jambo moja: dereva na gari wawe kitu kimoja, kama mpanda farasi na farasi wake. Walifanikiwa hata gari hilo likauzwa kuliko magari mengine yote ya viti viwili ya aina yake, na mwaka 2016 likafikisha milioni moja. Mwenye Boxer anaipata raha hiyo siku ya kwanza. Kona za Isingiro anazikata kwa kiuno. Kokoto anazihisi kwenye nyayo. Harufu ya mikaratusi, ya moshi wa mkaa na ya mvua iliyo upande wa pili wa kilima inamfikia kabla hajaviona. Mimi bado naona fahari kila ninapoiwasha Boxer yangu, na sitaki mtu anishushe katika fahari hiyo.

Sasa tuanze kazi, na tuanze na kiti cha nyuma.

Najua hutaki. Mwenye chombo kipya huanzia mbele: vioo vya pembeni vyenye urembo, stika ya timu, honi ya kushtua kijiji, redio. Hivyo vyote vitangoje. Mpe ufunguo mwenzako unayemwamini, panda wewe nyuma, akupeleke mpaka Juru na kukurudisha kwa mwendo ule ule unaokusudia kuwaendesha wengine. Hapo utajua unachouza. Utajua shimo lile ambalo dereva halihisi linampiga wapi abiria. Utajua breki ya ghafla inavyokutupa kwenye mgongo wa mtu usiyemfahamu. Utajua kama kishikio cha nyuma kimekazwa na kama vikanyagio vyote viwili viko imara, au kimoja kinajikunja mtu akikiegemea. Chombo hiki kitakulisha kwa kiti hicho, wala si kwa kile unachokalia wewe.

Angalia eksozi. Iko kulia, inatoka kwenye injini na kupita chini ya mguu wa abiria, na baada ya mwendo mrefu inaunguza ngozi mara moja. Wanawake wengi kambini wana alama yake ndani ya muundi, kovu la mviringo ambalo halifutiki. Kwa hiyo abiria anapandia kushoto na kushukia kushoto, kila safari, hata awe mzoefu namna gani. Mwambie kwa upole kabla hajainua mguu: "Mama, njoo upande huu." Mtoto mdogo mshushe wewe mwenyewe kwa mikono yako.

Halafu angalia kushoto, karibu na gurudumu la nyuma. Ikiwa pikipiki yako imekuja na kile chuma cha kinga, usikifungue hata fundi akikwambia kinaongeza uzito. Sheria ya India inakitaka kwa sababu ya sari za wanawake wa kule, na hapa kinamlinda mama wa Kivu mwenye kitenge na dada Msomali mwenye jilbabu ndefu. Nguo ikishikwa na spoki au cheni, inavuta mtu mzima chini kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele. Kama kinga haipo, mafundi wa kuchomelea hapa kambini wanaiweka kwa bei ambayo utairudisha kwa siku moja ya kazi nzuri. Na kabla ya kuondoka, geuka uangalie nguo iko wapi. Akina mama wanalitambua jambo hilo. Yule aliyekusikia ukimwambia, "Kusanya kitenge, mama," kesho atakuita kwa jina na kuipita steji nzima akufuate wewe.

Sheria ya Uganda inataka abiria mmoja, na helmeti kwa nyinyi wawili. Ya kwako unayo. Nunua ya pili, nunua na vitambaa vya kuvaa ndani yake, maana mtu hakatai helmeti, anakataa jasho la mwenzake. Vioshe kila jioni. Kubeba mshikaki, watu watatu wanne kwenye kiti kimoja, ni desturi niliyoiona kila mahali, na siiungi mkono: breki za chombo hiki zilipimwa kwa uzito wa watu wawili. Ila usiku wa manane, mama amepata uchungu, gari la wagonjwa halijafika na mkwe wake lazima amshikilie kwa nyuma, sitasimama njiani kumsomea mtu sheria. Nenda polepole, washa taa kubwa, na mmoja atangulie kupiga simu kituo cha afya.

Jambo la upande wa barabara linahitaji uvumilivu kidogo. Tangu makazi haya yapokee Wanyarwanda waliokimbia mwishoni mwa miaka ya 1950, wamefika Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Tazama ramani: Bukavu, Uvira, Bujumbura, Kigali, Mogadishu, Addis Ababa, kote huko watu wanaendesha kulia. Uganda inaendesha kushoto. Maana yake karibu kila mtu aliyejifunza pikipiki kwao amejifunza upande wa pili, na mwili wake unakumbuka hivyo.

Mchana kwenye msongamano hakuna shida, unamfuata aliye mbele. Hatari ni alfajiri, barabara tupu, hakuna wa kumwiga. Unatoka kwenye duka la mafuta huku unafikiria jambo lingine, na mkono unakupeleka upande wa nyumbani. Kwa hiyo ukitoka popote palipokuwa kimya, jisemee kwa sauti: kushoto. Ukiingia barabara kubwa, angalia kulia kwanza, maana ndiko gari linakotoka. Kwenye mzunguko unazunguka kama mishale ya saa, na unampisha aliyeko kulia kwako. Safari za mwanzo za kwenda jiji la Mbarara jipange nyuma ya taksi, ujifunze kwake, ila usimkaribie sana, kwa sababu husimama popote abiria anapopunga mkono.

Njia yenyewe ya kwenda Mbarara ni nzuri kuliko inavyosemwa. Unaanza na vumbi, unapanda vilima vya Isingiro katikati ya migomba, kisha unaikuta lami ya barabara ya Kikagati, ile inayotoka mpakani na Tanzania, na unateleza mpaka mjini. Kwenye vumbi sahau breki ya mbele unapokuwa ndani ya kona, kokoto zitaondoka na gurudumu. Punguza mwendo kabla ya kona, kamata gia ndogo, iache injini ikushikilie. Kuna vijana wanaoweka nyutro kwenye mteremko ili kuokoa petroli. Petroli wanayookoa haijazi kikombe, na wamebaki na breki peke yake mbele ya lori la matoke linalopanda kwa nguvu zake zote. Ng'ombe wa Ankole wakikatiza, simama kabisa, zima, ngoja. Zile pembe ni pana kuliko barabara, na mchungaji atakushukuru.

Mjini, mbele ya ile sanamu ya ng'ombe wa Ankole, usianze ushindani na boda wa pale. Mbarara imekuwa jiji tangu Julai 2020, na wao wanaijua kwa kila uchochoro. Wewe umeleta abiria wa hospitali ya rufaa au mfanyabiashara wa sokoni, mfikishe na umngoje. Wasalimie, "Agandi," uliza wapi unaruhusiwa kusimama, na watakuonyesha. Askari akikusimamisha, zima injini, vua helmeti, "Habari ya kazi, Afande," na mpe karatasi kabla hajaziomba: leseni ya daraja la pikipiki, bima, na kitabu cha chombo. Kuhusu kitabu nina neno moja tu. Ukinunua pikipiki ya mtu na muuzaji hataki mwende pamoja kubadilisha jina, acha pikipiki yake hapo hapo, hata iwe inang'aa vipi.

Paa. Kila anayemiliki chombo cha wazi huulizwa habari za mvua. Busia na Kisumu, upande wa Kenya, utaona pikipiki zimefungwa miavuli mikubwa yenye kioo mbele, na zinapendeza. Kwenye migongo ya vilima vyetu sikushauri. Upepo wa pembeni ukiushika ule mwavuli unakupeleka unakotaka wenyewe. Makoti mawili ya mvua chini ya kiti, moja lako na moja la abiria, yanatosha kwa manyunyu. Mvua ya kweli, ile ya Machi mpaka Mei na ya Septemba mpaka Novemba, inataka baraza la duka. Simameni, ingojeni, mpe abiria nafasi ya ndani karibu na ukuta. Usimtoze kwa kungoja. Nimeona wateja wa kudumu wengi zaidi wakipatikana barazani kuliko barabarani.

Kiangazi shida inahamia kwenye vumbi. Filta ya hewa ikijaa, pikipiki inakula mafuta na kukohoa kwenye kilima, na fundi asiye mwaminifu atakuuzia kabureta. Ifungue, ikung'ute, uisafishe mara kwa mara wakati wa jua kali. Cheni ipake oili kidogo baada ya kuifuta, si juu ya matope. Oili ya kwanza ya injini mpya ibadilishe mapema, kabla ya kilomita elfu moja, kwa sababu vyuma vipya vinasagana na unga wake unabaki ndani. Katika kipindi hicho usiikamue, hata kama barabara ni tupu na marafiki wanaangalia.

Na hapa naomba tusikilizane. Usiioshe ziwani. Najua maji yako pale, ni bure, na Jumapili mchana ufuo unapendeza. Lakini maji ya bomba tunayokinga kambini yanavutwa kutoka Ziwa Nakivale hilo hilo. Oili unayoisugua kwenye injini saa nane inaelekea kwenye ndoo ya jirani yako. Oili chafu ya kubadilisha nayo, iweke kwenye dumu lenye kifuniko, mpe fundi anayeitumia kwenye cheni na bawaba, au seremala anayeipaka kwenye mbao zisiliwe na mchwa. Mto Rwizi unaokata Mbarara unashuka mpaka kwenye maziwa ya upande huu, kwa hiyo hata ukiwa mjini, usimruhusu mtu akuoshee pikipiki mtoni. Ziwa hili limewanywesha watu tangu kabla sisi hatujafika, Wanyankole na mifugo yao, na watoto wetu bado wana kiu mbele yao.

Kuhusu bei ya safari, kumbuka abiria wako ni nani. Julai 2023 shirika la chakula la WFP liligawa wakimbizi wa Uganda katika makundi ya mahitaji, na mwaka 2025 fedha zilipopungua zaidi, watu kama milioni moja waliondolewa kwenye mgao wa chakula. Mama aliyekuwa anapanda kila siku ya soko sasa anatembea kwa miguu akiwa na mkungu kichwani, na anapanda tu akiwa na mgonjwa. Ukimpandishia bei siku hiyo, umempata mara moja na umempoteza yeye na kijiji chake. Wenye mkopo wa pikipiki watasema awamu ya wiki haijui huruma, na wana haki. Ndiyo maana nasema fanya hesabu kabla ya kukopa, kwa wiki mbaya na si kwa wiki nzuri: wiki ya mvua, ya malaria, ya pancha mbili. Kama hesabu hiyo haitoki, anza na pikipiki ya mtu ukimlipa hesabu ya kila siku, ujifunze njia na wateja kwanza.

Mwisho ni steji. Usiegeshe tu na kuanza kuita watu. Mtafute mwenyekiti, mwamkie, mweleze unaishi kijiji gani na nani anakufahamu, lipa kiingilio, andikwa. Utakuta hapo Mkongomani wa kijiji cha New Congo, Mnyankole wa jirani, Mrundi, Mnyarwanda, wote wanagombana na kupatana kwa Kiswahili. Mmoja akianguka mnachanga, akifiwa mnaenda na pikipiki zote. Foleni inaheshimiwa: aliyetangulia ndiye anayebeba, isipokuwa abiria mwenyewe akikutaja kwa jina. Akikutaja, usione haya na usijivune. Mletee helmeti yenye kitambaa safi, elekeza mguu wake upande wa kushoto, angalia kitenge, na uulize anakwenda wapi kabla ya kupiga kiki.