Ombi la Vyeti Vipya vya Kuzaliwa kwa Nyumba Zetu Kuukuu

Kwa Waheshimiwa Madiwani,
Baraza la Jiji la Saint Paul, Minnesota.



Sisi wapangishaji wadogo wa Frogtown, kati ya University Avenue na reli ya kaskazini, tunaandika kutoa shukrani. Wengi wetu tulifika Minnesota tukitokea kambi za wakimbizi za Kakuma na Nyarugusu, na miji ya Goma na Nairobi. Tukashika zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, tukakopa benki, tukanunua nyumba yenye makazi mawili: juu tunalala sisi, chini analala mpangaji. Tulijiona watu wadogo wenye deni kubwa. Ninyi mkatufumbua macho kwamba sisi ni mabwenyenye wa majengo wanaostahili kutiwa lijamu. Hata kijijini kwetu hatujawahi kupewa heshima ya namna hiyo.

Novemba 2021 wapiga kura wa jiji waliamua kwamba pango lisipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, na sheria ikaanza kazi Mei 1, 2022. Hatukuipinga, kwa kuwa sisi wenyewe tulikuwa wapangaji juzi tu. Tuliona kilichotokea tangu treni ya Green Line ianze kupita University Avenue mwaka 2014: mtaa uliokuwa ukikwepwa ukaanza kupigwa picha, na pango likafuata picha. Mwenye nyumba mmoja mwenye tamaa anatosha kuhamisha ukoo mzima. Ukomo ulihitajika, na uzuri wake ni kwamba haukubagua: kampuni yenye makazi mia tano na mama mwenye nyumba moja ya kupangisha, wote asilimia 3, jengo la jana na la karne iliyopita, yote asilimia 3.

Usawa huo haukumaliza hata mwaka. Vibali vya ujenzi viliporomoka, na wajenzi wakubwa wakaanza kutazama ng'ambo ya Mto Mississippi, Minneapolis, ambako wapiga kura siku ileile waliliruhusu baraza lao litunge sheria kama hii, nalo halijaitunga mpaka leo. Septemba 2022 mkayapa majengo mapya msamaha wa miaka 20. Mei 2025 mkaona miaka 20 ni ubahili, mkasamehe daima kila jengo lililopata hati yake ya kwanza ya kukaliwa baada ya Desemba 31, 2004.

Hapo ndipo ombi letu linapoanzia. Nyumba za Frogtown nyingi zina umri wa miaka mia na zaidi. Zilikaliwa na wafanyakazi wa reli wakati babu zetu hawajasikia neno Amerika. Ukiweka chungwa kwenye sakafu ya jikoni, litasimama lenyewe sebuleni. Nyumba kama hizi hazina njia yoyote ya kuzaliwa baada ya 2004, isipokuwa kwa msaada wa serikali.

Na msaada wa aina hiyo, Waheshimiwa, sisi tunaufahamu. Mkimbizi anapofika kwenye dirisha la usajili bila cheti cha kuzaliwa, karani humwandikia Januari 1. Ndiyo maana jijini mwenu kuna familia ambazo baba, mama na watoto wote wakubwa wamezaliwa siku moja, keki ikawa moja, na hakuna aliyedhurika. Tunaomba fadhila ileile kwa nyumba zetu: ziandikwe kuwa zimezaliwa Januari 1, 2005, siku moja tu kuvuka mstari wenu. Ngazi zitaendelea kulia kila mtu akipanda, lakini makaratasi yatakuwa safi, na kwa uzoefu wetu wa nchi hii makaratasi ndiyo yanayoishi ndani ya nyumba. Watu ni wageni tu.

Msidhani kuulizwa umri wa nyumba ni jambo jipya kwetu. Wenzetu wa Tanzania wanakumbuka mwaka 1971, serikali ilipotunga sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Jengo lililozidi miaka 10, mwenyewe hakupata fidia. Sheria ile iliumiza watu wengi, na wapo waliofungasha wakaondoka nchini moja kwa moja. Lakini angalau ilijua inamtafuta nani: mwenye maghorofa. Aliyejenga vyumba sita vya kupangisha Manzese, Dar es Salaam, na kulala katika kimojawapo hakuguswa. Ninyi mmeigeuza. Mwenye ghorofa jipya lenye lifti na ukumbi wa mazoezi amesamehewa, na mwenye vyumba vya Manzese ndiye aliyebaki kwenye daftari.

Tunaomba pia mtusaidie kwenye hesabu. Asilimia 3 ya pango la dola 1,800 ni dola 54. Asilimia 3 ya dola 700 ni dola 21. Sasa, nani kati yetu alikuwa akitoza 700? Ni yule aliyempangisha mtoto wa shangazi yake, akaona haya kupandisha miaka yote, akajiambia atapandisha kijana akipata kazi nzuri. Sheria ilimkuta katika upole wake ikamfungia humo humo. Aliyekuwa mkali mapema alifungiwa kwenye ukali wake, na anapanda kutoka pale. Ndiyo maana hata wapole wetu wamebadilika: waliokaa miaka bila kugusa pango sasa wanapandisha asilimia 3 kila mwaka bila kukosa, wakiogopa kuachwa nyuma.

Mlirekebisha mwaka 2022, ni kweli. Sasa mpangaji akiondoka kwa hiari, mwenye nyumba anaweza kupandisha asilimia 8 pamoja na mfumuko wa bei. Kwa hiyo sheria iliyotungwa ili mpangaji asihame imetufanya tumwombee dua ahame. Aliyempangisha shemeji hana hata dua hiyo.

Upande wa gharama hakuna asilimia. Sheria ya jimbo inataka nyumba iwe na joto la nyuzi 68 za Farenhaiti kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30, na ni haki kabisa. Mtoto wa mtu asigande ndani ya nyumba yetu. Lakini hita ikifa Januari, fundi haulizi pango lilipanda kiasi gani. Bima nayo hupanda kila mvua ya mawe inapotoboa mapaa ya watu. Halafu kuna kodi ya majengo. Jumla ya makusanyo yenu ya kodi hiyo mliipandisha kwa karibu asilimia 15 kwa mwaka 2023, na karibu asilimia 6 kwa 2025. Mtasema ile ya 2023 sehemu yake ilikuwa ada za matengenezo ya barabara zilizohamishiwa kwenye kodi baada ya mahakama kuingilia. Sawa. Nasi tuna ada zetu ambazo tungependa kuhamishia mahali, ila kwetu mahali penyewe ni mfuko wa mtoto wa shangazi.

Mtatujibu kwamba kuna fomu, na kweli ipo. Anayetaka kupita asilimia 3 ajaze fomu ya kulinganisha mapato na matumizi ya sasa na ya mwaka 2019, aonyeshe kwamba hapati faida inayostahili. Kampuni ina wahasibu wa kazi hiyo. Sisi tuna binti wa darasa la kumi, anayetutafsiria baada ya kumaliza masomo yake, na ambaye kila mara anauliza risiti za 2019 ziko wapi. Mwaka 2019 baadhi yetu tulikuwa bado kambini. Risiti tuliyo nayo ni ya mgao wa mahindi.

Tukiweka mzaha kando: hatuombi asilimia 3 ifutwe. Wapangaji wetu wanaihitaji, na tungekuwa bado tunapanga tungeipigia kura tena. Tunachokataa ni kubeba peke yetu, sisi na nyumba zetu kongwe, ahadi ambayo jiji zima liliitoa. Yarudisheni majengo ya baada ya 2004 kwenye mstari wa asilimia 3. Kama mnawaogopa wenyewe, basi mtoeni kwenye mstari huo mwenye nyumba anayeishi humo humo na mpangaji wake, na mwaka wa 2019 uondoke kwenye fomu ya mtu aliyenunua nyumba baadaye.

Na ninyi majirani mnaopangisha kwenye barabara za Thomas, Charles na Lafond: baraza hukutana Jumatano katika jengo la jiji, Kellogg Boulevard. Njooni na bili zenu za hita, bima na kodi, na mje pamoja na wapangaji wenu.

Wenu mtiifu kwa asilimia 3,
Mwenye nyumba ya makazi mawili, Frogtown.