Elfu Tano za Shangazi

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikoba chao, na kwa kimbelembele changu nikajitolea kumtengenezea programu ya kuandikia michango. Kima cha chini ni shilingi 5,000. Nikaona nitie madoido kidogo: kisanduku cha kuandikia kiwe na pindo jekundu, na hela ikitimia pindo lipotee lenyewe.

Siku ya majaribio shangazi akavaa miwani, akaishika ile iPhone aliyoachiwa na binti yake, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja. Tano. Sifuri. Sifuri. Pindo limetulia. Alipogusa sifuri ya mwisho, kibodi ikazama na kisanduku kikabaki cheupe pe.

"Mwanangu, mbona imemeza?"

"Jaribu tena, shangazi."

Akajaribu. Safari hii hata ile tano ya kwanza haikukaa. Akaandika 4,000, kiasi kisichoruhusiwa, na hizo zikakaa zote, pindo jekundu linang'aa. Shangazi akavua miwani. "Hii umewatengenezea wadaiwa."

Usiku ule nililaumu kila kitu: kibodi, uzee wa simu, hata joto. Asubuhi ndipo nikageukia msimbo wangu. Natumia SwiftUI, zana iliyotolewa na Apple mwaka 2019. Humo unaeleza skrini unavyotaka iwe, njia ya kufika huko inaijua yenyewe. Nami nilikuwa nimedaka njia ya mkato wanayoipenda waandishi wengi wa programu, modifaya (amri ya kubadili mwonekano wa kitu) ya kujitengenezea: sharti likiwa kweli, kivishe kisanduku pindo; lisipokuwa kweli, kiache kilivyo. Inasomeka vizuri mno, na hapo ndipo iliponinasa.

SwiftUI hukitambua kitu kwa mahali kilipokaa ndani ya msimbo. Pande mbili za sharti ni mahali pawili, kwa hiyo kisanduku chenye pindo na kisicho na pindo, kwake, hawajuani kabisa. Sharti likigeuka, wa kwanza anatolewa nje na kila alichoshika, tarakimu na kibodi, na anaingia mwingine mikono mitupu. Mimi nilidhani nambadilisha nguo, kumbe nambadilisha mtu. Wahandisi wa Apple walilieleza jambo hili kinagaubaga kwenye mkutano wao wa 2021. Video yake niliiona ndefu, nikaiacha.

Dawa ilikuwa mstari mmoja. Pindo likae siku zote, rangi yake tu ndiyo iulizwe: nyekundu kama hela haijatimia, isiyoonekana kama imetimia. Nikaandika 5,000. Zikakaa. Nikafuta sifuri moja, wekundu ukarudi na kibodi ikabaki pale pale. Nikachezea hivyo karibu dakika kumi, peke yangu, nikicheka.

Nimempigia shangazi aje ajaribu tena. Amesema atakuja, ila michango ya mwezi huu ameshaiandika kwenye kauntabuku.