Mjomba Ameagiza Maji

Tableti ilitumwa na shemeji yangu aliyeko Melbourne, ikafika Juba ndani ya begi la msafiri, imeviringwa kwenye soksi. Haboba, mama mkwe wangu, aliipokea kwa mikono miwili akaifungia kabatini pamoja na hati ya kiwanja na vikombe vya wageni. Kitu cha thamani, alisema, hakichezewi na mtoto. Mume wangu alimbembeleza jioni baada ya jioni hadi akakubali kwamba hiki kililetwa makusudi kichezewe na mtoto.

Mtoto mwenyewe ni wa wifi yangu. Ana miaka mitano, tunaishi naye hapa Gudele. Anasikia vizuri, masikio yalipimwa, na anaelewa kila kitu, hasa kile usichotaka akielewe. Maneno tu ndiyo hayatoki. Akitaka maji hukuvuta leso mpaka kwenye pipa. Usipomfahamu hujipigiza kichwa ukutani. Mjini kuna kituo cha Usratuna kinachohudumia watoto wenye ulemavu, lakini mtaalamu wa usemi aliyekubali kutushika mkono yuko Kampala, tunaonana naye kwa simu mtandao ukitaka. Si ajabu kumpata huko: Makerere ilianza kutoa shahada ya fani hiyo mwaka 2008, ikiwa ya kwanza Afrika Mashariki.

Programu aliyotuwekea ni ubao wa picha. Ukigusa picha, tableti inatamka neno. Wazo lenyewe si geni. Wamarekani Andy Bondy na Lori Frost walianza kuwafundisha watoto kuomba vitu kwa kadi za picha mwaka 1985. Kilichokuja baadaye ni nafuu ya bei. Mashine za kusemea ziliuzwa kwa maelfu ya dola, mpaka Proloquo2Go ikatoka mwaka 2009 na iPad ikaingia sokoni mwaka uliofuata. Yetu ilikuwa ya bure, yenye michoro ya ARASAAC, ambayo serikali ya jimbo la Aragon kule Uhispania huitoa bila malipo.

Basi vita vikaanzia kwenye sauti. Mwanamke wa ndani ya tableti aliongea Kiingereza cha uwanja wa ndege. Haboba alimwamkia, akamuuliza habari za kwao, asijibiwe. Akanuna siku nzima. Mtaalamu akasema tumtoe huyo mgeni, turekodi sauti zetu wenyewe kwa Kiarabu cha Juba ambacho mtoto anakisikia tangu azaliwe, na michoro tuichanganye na picha za vitu vyetu: kisra, sufuria la asida, pipa. Mume wangu, mjomba mtu, kwa kuwa ana sauti ya kuendeshea mikutano, akapewa maneno makubwa: moya ya maji, na kalas ya imetosha.

Haboba alikuwa na hoja nzito zaidi: mashine ikimsemea, mtoto atakuwa mvivu wa kusema. Wazazi wengi huogopa hivyo. Mtaalamu alimjibu kwamba Millar, Light na Schlosser walipitia tafiti za aina hii wakachapisha mwaka 2006, na katika zile zenye ushahidi thabiti hawakumkuta hata mmoja aliyepungukiwa na usemi, na kwa wengi uliongezeka. Haboba akauliza kama hao watatu wana wajukuu.

Sharti gumu lilikuwa letu sisi wakubwa: nasi tubonyeze tunapoongea, mtoto aone lugha ile inatumika nyumbani. Mume wangu alibonyeza chai, akatulia akingoja. Mimi, mkaza mjomba, mtu wa Kisauni kule Mombasa, nikambonyezea kalas.

Kisha joto. Vifaa hivi vingi hutengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 35, na Juba ndiyo hii ambako Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa kuhofia nyuzi 45. Adhuhuri tableti ilitoa onyo, ikazima. Haboba akaihamishia chini ya mwembe, pembeni mwa mtungi, penye kaubaridi. Mwembe uko langoni.

Hapo ndipo lori la maji lilipotukuta. Dereva alisimama nje ya geti la mabati akauliza kama kawaida yake. Kutoka ndani sauti ya mjomba, nzito, haina wasiwasi, ikajibu: moya. Akaingiza mpira. Tangi likajaa. Akauliza kama aongeze. Moya. Mapipa yakajaa, beseni za kufulia zikajaa, sufuria la asida likajaa na asida yake ndani. Nilipotoka jikoni kuku walikuwa juu ya ukuta na mtoto anarukaruka matopeni, kidole kwenye picha.

“Mama, mzee mwenyewe ameagiza,” dereva akasema. “Nimemsikia kwa masikio yangu.”

Mzee mwenyewe alirudi kutoka kazini saa kumi na moja, akakuta deni na bwawa. Akataka kitufe cha moya kifutwe usiku huohuo. Tukampigia mtaalamu, akacheka mpaka picha ikaganda. Iliporudi, akasema, “Msikifute. Amemwagiza mtu asiye wa nyumbani, akaeleweka, akaletewa. Mkikinyamazisha, kesho awasemeshe ya nini?”

“Mtoto amesema, amepewa,” Haboba akaamua. “Lipa.”

“Mama, amesema kwa sauti yangu!”

“Ndiyo maana unalipa wewe.”

Mjomba akafungua kinywa, na sauti yake mwenyewe ikamkatiza kutoka mkekani: kalas.

Dawa, kwa mujibu wa Kampala, ilikuwa kuongeza maneno. Ubao wetu ulikuwa na maji bila kiasi. Tukaongeza picha ya pipa lililojaa hadi katikati, na mjomba akakaa kurekodi nus, yaani nusu. Haboba alikataa ya kwanza kwa kuwa ilikuwa na uchungu wa deni, na ya pili kwa kuwa ilisikika kama ya mtu anayeomba. Iliyopita ina jenereta la jirani linalonguruma nyuma yake. Mtoto anaibonyeza vizuri, na dereva akiisikia anaamini tumenunua jenereta. Ametupandishia bei.