Shangazi Rimoti Anajibu: Ulikuwa Ukitazamia kwa Nani?

Wenye maswali ya mapenzi wanisubiri, au waende kwa anti mwingine. Wiki hii kapu limejaa ugomvi wa sebuleni. Shangazi hana shahada ya saikolojia. Ana umri, ana masikio, na ana rimoti aliyoiacha ndani ya nailoni yake tangu siku iliponunuliwa, mafuta ya mihogo yasije yakaingia kwenye vitufe.

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi magari, nakaa Mbagala Kizuiani, nimezaliwa 1985. Binti yangu wa kidato cha tatu ameniambia mbele ya wageni kwamba mimi ni Milenia, ndiyo maana sichekeshwi na vichekesho vya TikTok. Mdogo wangu naye ni Milenia, kwa maelezo ya huyohuyo binti. Lakini mdogo wangu alilelewa na mama mdogo Kinondoni, na hatufanani kwa lolote. Yeye anakumbuka Isidingo. Mimi nakumbuka kufukuzwa. Mimi ni kizazi gani? – Fundi, Mbagala."

Marahaba, fundi. Binti yako hajakutukana, amekupigia hesabu ya Marekani. Kule waliozaliwa kati ya 1981 na 1996 huitwa Milenia, kuanzia 1997 ni Gen Z, na hesabu inawakaa vizuri kwa sababu walipozaliwa televisheni ilishakaa sebuleni ikiwasubiri. Wewe ulizaliwa Tanzania Bara, ambako hapakuwa na kituo hata kimoja. Wenzetu Zanzibar walikuwa nacho, tena cha rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Huku kwetu televisheni ilihesabiwa anasa, tukabaki na Redio Tanzania mpaka vituo kama ITV vilipoanza kurusha mwaka 1994. Ulikuwa na miaka tisa, meno ya mbele yameshaota upya.

Na ITV kurusha ni jambo moja, wewe kuona ni jingine. Kati ya mitambo yao na macho yako palihitajika umeme, seti, na roho nzuri ya mwenye seti. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa adimu. Mtaa mzima ulikuwa na nyumba moja yenye TV chogo, nyumba ilikuwa na dirisha moja, na dirishani mlipangana kwa urefu, wafupi juu ya ndoo. Mwenye nyumba akirudi na hasira za kazini, pazia linashuka stelingi akiwa bado amefungwa kamba. Ukimkosea mtoto wake kwenye gololi saa kumi jioni, usiku huna mchezo wa Kaole. Ndiyo maana yule mtoto alikuwa nahodha wa chandimu, refa wa chandimu na mwenye mpira, na hajui kuotea ni nini mpaka leo.

Halafu kuna wa antena. Mmoja juu ya bati akizungusha mti, mmoja mlangoni akipokea ujumbe, mmoja ndani akipiga kelele, "Chenga! Rudisha! Hapo hapo!" Yule wa juu ya bati alikuwa na umri sawa na wa ndani, walisoma darasa moja, lakini mmoja aliwaona waigizaji Kanumba na Ray wakichipukia Kaole, mwenzake aliwasikia tu. Wamarekani hawana jina la kizazi cha juu ya bati. Mimi naona ndicho kikubwa kuliko vyote Temeke.

Ulipopata hela za kwako ukahamia kibanda umiza. Benchi la mbao, joto, kiingilio, na Lufufu akiwatafsiria Wahindi na Wachina mpaka wakagombana kama makonda wa Kariakoo. Mdogo wako Kinondoni alitazama mikanda hiyohiyo kwenye kochi, akasikia sauti ya mwigizaji mwenyewe. Wewe ulisikia ya Lufufu, pamoja na yale aliyoyaongeza. Kwa hiyo Rambo wako na Rambo wake ni watu wawili tofauti, na wakikutana hawatasalimiana.

Ukitaka kumpima mdogo wako, muulize Mkwaju ni nani. Akikuambia ni mti, mwache. Waliokulia redioni wanamfahamu Mkwaju, dereva wa lori wa Twende na Wakati, mchezo ulioanza Redio Tanzania mwaka 1993, ambaye kila kituo alikuwa na mwanamke na mwisho wake akapata Ukimwi. Watu walimgombeza Mkwaju kwa sauti, jikoni, kana kwamba atasikia.

Binti yako hana dirisha wala bati. Alikuwa mtoto mdogo tu usiku wa Desemba 31, 2012, Dar es Salaam ilipozimiwa mitambo ya analojia, chogo zote zisizo na king'amuzi zikageuka stendi za maua ya plastiki. Yeye hutazama peke yake, chini ya shuka, kwenye simu. Ila bando likiisha, fundi, anakuja kwako kuomba umrushie kidogo, sivyo? Basi sasa wewe ndiye mwenye TV. Shusha pazia siku mbili, uone kama hutaitwa baba bila Milenia.

"Shangazi, nina miaka 51, ni mhasibu, mzee wa kanisa, na nikisikia singeli siwezi kukaa. Ni vibaya? – Baba Mtu Mzima, Kijichi."

Magoti yanasemaje?

"Shangazi, nina miaka 22, nauza vipodozi Tandale. Napenda Sikinde, Msondo na marehemu Remmy Ongala. Rafiki zangu wananiita bibi. Hilo silijali. Tatizo ni mchumba wangu, dereva wa bodaboda: anasema hakuna msichana wa umri wangu anayejua nyimbo hizo mpaka mwisho bila kufundishwa na mzee mwenye gari. Ameshapekua simu yangu, kakuta Marijani Rajab, akauliza huyu Marijani anakaa wapi. Nifanyeje? Nililala chumba kimoja na bibi yangu mpaka kidato cha pili. – Bibi Kabla ya Wakati."

Mwanangu, Marijani Rajab alifariki mwaka 1995. Mchumba wako akitaka kumfuata, mwambie avae kofia ngumu.

Lakini tusimcheke sana, maana wivu wake umetoka kwenye wazo ambalo hata wasomi wanalo: kwamba kila umri umepewa muziki wake, na ukikutwa na wa mwingine umeiba. Muulize maswali mawili. Kwanza, mwaka 2016 alicheza Salome ya Diamond Platnumz, mtoto wa hapohapo Tandale? Alicheza. Basi alikuwa akimcheza Saida Karoli, aliyetamba na Maria Salome kabla wewe hujaota hata meno, na hakuna aliyempekua simu. Pili, anapopeleka abiria Sinza kwa Remmy, anadhani Remmy ni mwenye baa? Kituo kimechukua jina la mwanamuziki aliyetoka Kongo akaweka makazi pale. Alifariki Desemba 2010, na makondakta wanamwita kila siku mpaka leo. Mchumba wako anamtaja Remmy mara nyingi kuliko wewe, tena kwa kulipwa.

Na kama anapenda Zuchu, asogee karibu nimnong'oneze. Mama yake Zuchu ni Khadija Kopa, yuleyule wa taarabu ya TOT, na mwaka 2020 waliimba pamoja Mauzauzo. Sebule ngapi za Kinondoni mama na binti waliigombea redio miaka na miaka, kumbe wangeweza kusubiri tu?

Jawabu lako umelificha mwishoni mwa barua, kwa haraka, kama jambo dogo. Chumba kimoja na bibi. Bibi alikuwa na redio, redio ilikuwa na kitufe kimoja kinachofanya kazi, na hakuna aliyekuuliza unapenda nini. Watoto wenye vyumba vyao walichagua muziki. Wewe ulirithi, pamoja na mto na harufu ya Vicks. Mpeleke mchumba kwa bibi, umpe bibi nafasi ya kuimba. Akimaliza ubeti wa kwanza, kijana ataomba radhi mwenyewe.

Shangazi ana wasiwasi na jambo jingine. Unapenda Sikinde na Msondo kwa pamoja. Msondo ilianza kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, mwaka 1964. Mlimani Park, ndiyo hiyo Sikinde, ikaundwa 1978, na tangu hapo mji uligawanyika vibaya kuliko Simba na Yanga. Kuwapenda wote wawili, enzi zetu, ndiko kulikoitwa umalaya. Chagua.

"Shangazi, mama mkwe alikuja kwa matibabu, amepona, haondoki. Anasema hawezi kuondoka katikati ya tamthilia ya Sultan. Mume wangu amehamia kibanda cha mpira. Mama mkwe siku hizi ananiita Hurrem. – Mke wa Mtu, Yombo."

Pole, dada. Kwanza tazama anavyolitamka. Hurrem aliingia jumba la Sultan Suleiman akiwa mtumwa na akaishia kuwa mke halali, kwa hiyo inaweza kuwa sifa. Ikiwa analitamka akiwa ameangalia chakula chako, si sifa.

Pili, usingoje tamthilia iishe. Waturuki wakimaliza ya Suleiman wana ya Kösem, na Azam wana watu wa kuwatia Kiswahili mchana na usiku. Tatu, ujue hauko peke yako duniani. Wachina walitengeneza tamthilia nzima ya binti na wakwe zake, TBC wakaionyesha kwa Kiswahili mwaka 2011 kwa jina la Doudou na Mama Wakwe Zake, na Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Shida yako imeshafika ngazi ya marais na haikupatiwa mwafaka. Mnunulie mama mkwe king'amuzi chake, kikamsubiri kwake.

"Mimi ni mzee wa bao hapa Tandika. Mjukuu wangu anashinda kibanda cha PlayStation, anapoteza hela na akili. Nimemwambia bao ndio mchezo wa watu wenye fikra, mashimo 32, kete 64. Ananicheka. Mwandikie. – Babu."

Shikamoo, mzee wangu. Bao nalijua, na najua Mwalimu Nyerere alilicheza. Nimepita kibandani pia. Nilichokiona ni hiki: wawili wanacheza, tisa wamesimama nyuma, tisa hao ndio wanaojua zaidi, anayefungwa anapisha, na mwenye hela ndogo anaomba zamu ya mwisho. Ukitoa skrini ukaweka gogo, ni barazani kwako saa kumi jioni, mpaka yule mmoja anayenuna akifungwa.

Juu ya hela ningekuunga mkono. Lakini nyuma ya bahasha mtu ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wa shule: "Babu anacheza kamari ya kandege kwenye simu." Mpinzani wa mjukuu wako, mzee wangu, amekaa benchi moja naye na akishinda anachekwa usoni. Wa kwako umeshawahi kumwona?

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka tisa. Baba anasema tutazame Ubongo Kids ili anisaidie hesabu. Lakini nikienda kulala yeye anabaki anatazama. – Darasa la Tatu, Chamazi."

Marahaba, mwanangu. Usimwambie mtu. Baba yako alipokuwa na miaka tisa, katuni zake zilikuwa za karatasi: Madenge na Ndumilakuwili kwenye gazeti la Sani, na Sani yenyewe ilimfikia imepita nyumba kumi, haina jalada. Ubongo Kids, inayotengenezwa hapahapa Dar es Salaam, ilianza TBC mwaka 2014, yeye tayari ana ndevu. Wewe unafundishwa sehemu kwa wimbo, yeye alifundishwa kwa fimbo. Mwache amalize. Asubuhi muulize robo tatu ya shilingi elfu nne ni ngapi, na akijibu haraka, mwombe akupe hizohizo za shule.