Trafiki wa Leeds

Mke wangu alipopata nafasi ya kusomea uzamivu Leeds, tulikubaliana yeye asome, mimi nitafute riziki. Tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa kawaida hawaruhusiwi tena kuingia Uingereza na familia. Wa utafiti bado wanaruhusiwa, kwa hiyo mimi na watoto wawili tuliingia kwa mgongo wake. Kabla ya kupanda ndege tulilipia matibabu: pauni 776 kwa kila kichwa kwa kila mwaka, zote kwa mkupuo. Mimi ni mhasibu. Fedha ya namna hiyo ikitoka lazima irudi, na mwanzoni nilikuwa nawatazama watoto kwa matumaini kila walipopiga chafya. Binti alipoanza kukohoa nikamkimbiza kwa daktari. Tukaambiwa apumzike, anywe maji ya kutosha, na mimi nikanunue parasetamo.

Viza yangu inaniruhusu kufanya karibu kazi yoyote, isipokuwa kuwa mwanamichezo wa kulipwa. Katazo hilo lipo kweli, limeandikwa. Nililisoma, nikatazama kitambi changu, nikaona serikali ya Uingereza imejipa tahadhari isiyo na ulazima.

Basi nikaanza kuomba kazi. Wasifu wangu ulikuwa na kurasa sita, picha yenye tai, dini, hali ya ndoa na wadhamini watatu, mmoja wao mkurugenzi mstaafu. Kijana wa wakala wa ajira akaukatakata ukabaki ukurasa mmoja na nusu. Mkurugenzi mstaafu akaenda na maji. Kwenye usaili nikaulizwa udhaifu wangu ni nini. Kule unatakiwa utaje udhaifu ambao kwa kweli ni sifa. Nikasema nina hasira mbaya risiti ikipotea. Wakaandika kwa muda mrefu, na simu hawakupiga. Wengine walitaka uzoefu wa kazi wa Uingereza, ambao kwa maoni yangu ningeupata haraka zaidi kama wangeniajiri.

Tangazo lililonipa ajira lilikuwa limebandikwa kwenye uzio wa shule ya watoto: anatafutwa mtu wa kuvusha wanafunzi barabara, asubuhi na alasiri. Wakachunguza kama nina rekodi ya jinai, wakanifundisha, wakanipa kofia, koti la njano na kibao cha duara chenye mpini mrefu kunizidi. Nikavaa. "Umependeza, Baba watoto," mke wangu akasema, kisha akaingia chooni kucheka. Mshahara tusiuzungumze, maana kazi yenyewe ni ya saa chache. Usiku nafanya usafi katika ofisi ya wahasibu. Ubaoni kwao kuna hesabu isiyobalansi. Sijaifuta, na sijasema kitu.

Lakini kile kibao! Kazi hii ina sheria yake tangu 1953, na dereva asiyesimama ukimwonyesha kibao anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000 na kuwekewa pointi tatu kwenye leseni. Mtu wa Dar es Salaam haamini jambo hilo mpaka alione. Kwetu zebra ni mapambo ya lami. Pale Mwenge unavuka kwa dua, unamkazia macho dereva wa daladala, na ukidhani umefika salama bodaboda inakupitia mgongoni. Siku ya kwanza niliingia barabarani na kibao changu huku miguu ikitaka kukimbia. Lori likasimama. Nyuma yake basi la ghorofa, nyuma yake gari jeusi la bei nisiyoijua. Wote wakamsubiri mtoto wa chekechea aliyeamua kufunga kamba za kiatu katikati ya barabara. Sijawahi kuwa na madaraka kiasi hicho. Nikiwa mhasibu mwandamizi, hata chai nilikuwa naomba mara mbili.

Adui wa kazi hii ni upepo. Wa Novemba ukikikamata kibao, kinageuka tanga la jahazi. Siku moja kilinivuta mpaka kwenye ua wa jirani, na madereva wakaendelea kusimama kwa adabu, nadhani walijua ndio utaratibu. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na zamu inapoisha pua yangu naikuta kwa kuipapasa.

Mama yangu, Tanga, akatumiwa picha. Jioni ileile mtaa ukajua mwanawe ni trafiki Ulaya. Nikapiga simu kurekebisha.

"Shikamoo mama. Mimi si askari, navusha watoto tu."

"Marahaba. Ukisimama, magari yanasimama?"

"Yanasimama."

"Basi wewe trafiki."

Mjomba akaichukua simu. "Sasa mjomba, hao unaowasimamisha, wanakuachia chochote?"

Nikamweleza kwamba wananipungia mkono, na Krismasi mama mmoja alinipa boksi la biskuti.

Kimya kidogo.

"Unasimamisha lori zima," akasema, "kwa biskuti?"