Askrimu Mwezi wa Juni

Juni ikiingia, kwetu Lizaboni watu wote huvaa sweta. Upepo unashuka kutoka milima ya Matogoro, madereva wa bodaboda wanajiviringisha kanga shingoni, na kila mwenye akili timamu anatafuta moto wa kuota. Ndipo daktari akatuambia mimi na mke wangu: mtoto akishakatwa tonsesi, mpeni vinywaji vingi, vya baridi ni vizuri zaidi, hata askrimu.

Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma yetu. Sikugeuka, ila nilisikia kanga ikivutwa mabegani.

Mgonjwa mwenyewe ni kitinda mimba wetu, miaka sita, aliyekuwa akikoroma kama mashine ya kusaga. Wageni wakilala kwetu, asubuhi walikuwa wakinitazama mimi. Kila baada ya muda koo lilivimba, homa ikapanda, mate yakawa hayamezeki. Kabla hatujafika kwa bingwa wa masikio, pua na koo, mtaa ulikuwa umeshatoa matibabu: jirani huyu maji ya chumvi, yule asali na limau. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Namtumbo, alishikilia kwamba ni kimeo, na kuna mzee anamfahamu anakikata mara moja, hata mtoto hajui kimepita nini. Mimi kwa mkwe ni mtu wa “ndiyo mama”, kwa hiyo aliyegoma ni mke wangu. Akafanya la maana. Kimeo kina kazi yake, husaidia kuzuia chakula kisipande puani, na wembe wa mzee umeshawaachia watoto wengi damu isiyokatika na vidonda vilivyooza. Tena tonsesi ziko pembeni, kushoto na kulia. Kimeo cha watu kilikuwa kinasingiziwa tu.

Daktari hakukurupuka. Aliuliza mwaka huu koo limeuma mara ngapi. Mke wangu akajibu, “Kila siku.” Daktari akasubiri hesabu yenye maana, kwa sababu kipimo kinachotumika sana ni mara 7 ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Wetu alipitia mlango mwingine: usiku alikuwa akikata pumzi katikati ya kukoroma, nyama za puani nazo zimeziba njia.

Zamani hawakuhesabu hivyo. Ripoti moja ya mwaka 1934 inasimulia habari za watoto 1,000 wa shule jijini New York. Watoto 611 walikuwa wameshakatwa. Waliobaki wakapelekwa kwa madaktari, na 174 wakaambiwa nao wakatwe. Waliosalimika wakapelekwa kwa madaktari wengine, wakachaguliwa 99. Raundi ya tatu ilipokwisha walibaki 65 tu. Ningekuwa mzazi wa New York wakati ule, ningemfunika mwanangu mdomo kila tukipita mbele ya zahanati.

Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi kuliko foleni ya kulipia. Kazi ilianzia nyumbani.

Kwetu hakuna anayekwenda kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu. Zikaja korosho za Tunduru, karanga za kukaanga, miwa, machungwa, na dagaa wa Nyasa waliokauka hadi wanalia kwenye sahani. Kila kilichovuka kizingiti kilikuwa ama kinakwaruza ama kinawasha. Mtoto alikuwa hana sauti, anatazama tu. Nilikula mimi, kwa niaba yake.

Mama mkwe akammulika kooni kwa tochi ya simu. “Usaha huo! Mnaona?” Hapana, ule utando mweupe ndio kidonda kinavyopona, na hata harufu mbaya ya kinywa na maumivu ya sikio tulikuwa tumeshaambiwa. Cha kukimbilia hospitali ni damu mbichi, hasa kati ya siku ya 5 na ya 10, utando unapobanduka. Neno “damu” mama mkwe alilishika vizuri sana.

Mtoto akagoma kunywa. Koo likikauka maumivu huzidi, basi nikatoka kutafuta askrimu. Muuza duka wa kwanza karibu na soko alinitazama kwa huruma. “Baba, friji nimezima tangu Mei.” Mbele kidogo nikapata ya maziwa, yenye rangi nyekundu, kwenye kimfuko cha nailoni. Nikaificha ndani ya koti, nimpite mama mkwe salama.

Alikuwa uani, kwenye jiko la mkaa. “Baba, mbona unatetemeka hivyo? Njoo uote moto.”

Mkwe hakataliwi. Nikakaa kwenye kigoda, kifua kikielekea makaa, tukaongea habari za mbolea ya ruzuku na mvua za mwaka jana. Kimfuko kikaanza kulegea. Nikahisi kitu kinateremka tumboni taratibu. Mama mkwe akaacha sentensi katikati, macho kwenye shati langu.

“Damu!”

Walitoka hadi majirani wa nyumba ya tatu. Nilipofungua koti na kueleza, mama mkwe hakusema neno. Alichukua kilichobaki, akakimimina kwenye sufuria, akakipasha kikawa vuguvugu, akampelekea mjukuu wake. Mtoto akanywa chote. Nesi alitueleza baadaye kwamba shida ni koo kukauka, baridi ni nyongeza tu. Ila chekundu tusimpe tena, tusije tukakichanganya na damu.

Sauti iliporudi, mtoto aliuliza tonsesi zake ziko wapi. Jino lake la kwanza lilipong'oka tulilirusha juu ya bati ili liote jingine, na sasa alitaka kurusha na hizi.

“Thubutu!” mama mkwe akasema. “Zikiota tena je?”

Akanigeukia mimi. “Baba, hospitali walizitupa wapi?”

“Sijui, mama.”

“Kaulize kama lile jengo lina bati.”