Mjomba, Reale Usiitume

Mjomba, ujumbe wako wa sauti nimeupata, nikausikiliza tena kwa sababu mara ya kwanza majogoo walikuwa wanashindana na wewe. Nimeelewa. Umeona kwenye televisheni Wamarekani wakipeleka makorokoro ya mababu dukani na kutoka na maburungutu ya dola, sasa unataka ile reale ya fedha iliyomo kwenye kasha la Bibi ije huku na msafiri, niifikishe kwa yule mwenye kipara.

Tulia kwanza.

Yule mwenye kipara anaitwa Rick Harrison. Duka lake la rehani liko Las Vegas, jangwani Nevada. Alilifungua na baba yake mwaka 1989, na kipindi chenyewe, Pawn Stars, kilianza kuonyeshwa Julai 2009. Mimi niko Columbus, Ohio. Kati yangu na yeye kuna safari ya barabara ya zaidi ya kilomita 3,000, lakini wewe unaongea utadhani natoka Ngamiani kwenda Raskazone hapo Tanga.

Kipindi nakijua vizuri, tena kuliko ninavyopenda. Mzee ninayemhudumia zamu ya usiku hapati usingizi, na kuna stesheni inayorudia vipindi vya zamani hadi alfajiri. Maisha yake yote aliuza magari, kwa hiyo hatazami kama mimi na wewe. Anatazama kama refa. Muuzaji akifungua mdomo tu, mzee anapiga kelele: "Kwisha!"

Na kweli huwa kwisha. Mtu anaingia na bastola ya zamani, tuseme. Hakuna za asubuhi, hakuna watoto hawajambo, hakuna mvua vipi huko kwenu. Rick anauliza: unauza au unaweka rehani? Nauza. Unataka ngapi? Na yule bwana, Mjomba, anataja bei ile ile aliyonayo moyoni! Hajaweka hata ya kupunguza.

Halafu Rick anasema ngoja nimwite rafiki yangu mmoja, mtaalamu wa mambo haya. Rafiki wa nani? Wa mnunuzi! Wewe pale sokoni Mgandini ungekubali mteja akuletee rafiki yake wa kupima uzito wa nazi zako? Hawa wanakubali, tena wanashukuru. Anakuja bwana mmoja wa ndevu nyingi na kofia pana, Mark Hall-Patton, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia makumbusho ya kaunti ya huko. Nakiri kwamba anaijua kazi. Anageuza, anachungulia, anasimulia vita iliyopiganwa kwa bastola ile, kisha anatamka: ni halisi. Bei anaitaja mtaalamu mwingine: mnadani inafika dola 10,000. Muuzaji anachekelea. Mtaalamu anaaga. Rick anasema: nakupa 4,500.

Hapo ndipo nyimbo zinapoanza. Mnada unakata kamisheni. Duka lina kodi, wafanyakazi wanataka mshahara. Itabidi itengenezewe fremu. Itakaa kwenye rafu miezi na miezi. Hiyo ya rafu ungeipenda, maana ni ndugu wa ile yako ya "hata mtaji haurudi", ila yeye haapi wallahi. Muuzaji anashuka hadi 6,000, Rick anapanda mia mbili, wanapeana mikono kwenye 4,800, na huko nje muuzaji anaiambia kamera kwamba alitarajia zaidi lakini ameridhika. Baadhi yao wanasema wazi kuwa pesa hiyo wanakwenda kuchezea kamari mtaa huohuo.

Lakini kinachoniumiza zaidi ni kuondoka. Sisi tunajua kuondoka: unageuza mgongo, miguu inakwenda, sikio linabaki dukani. Huku mtu akigeuka anaondoka kweli! Anafika mlangoni, anafungua, anatoka, na Rick hasemi "wee, hebu njoo basi". Mzee wangu husikitika hadi kesho yake. Baba yake Rick, aliyekuwa akikaa kitini na kununa kila hela ilipotoka, ndiye pekee niliyeona angeweza kuendesha kibanda Kariakoo. Alifariki mwaka 2018.

Kuna siku moja tu niliyomwona Rick akinishinda akili. Mama mmoja alileta bruchi yenye umbo la buibui, akataka dola 2,000. Rick akaitazama, akamwambia hii ni kazi ya Fabergé, sonara wa wafalme wa Urusi, akampa 15,000. Mnunuzi kapandisha bei mwenyewe! Mzee nusura adondoke kitandani. Nilipomsimulia mwenzangu wa zamu, Mnigeria, alisema huyo mtu ana homa. Mzee alipotulia akanifundisha kwamba Fabergé hauzwi kwa 15,000 na kwamba kamera ilikuwa inatazama. Sawa. Mimi bado nampa heshima yake.

Halafu, Mjomba, pale huingii tu. Vitu vya kwenye kipindi huchaguliwa mapema, na kamera zikiwaka wateja wa kawaida wanawekwa kando. Hao wa kawaida wengi hawauzi kitu, wanaweka rehani, na sheria ya Nevada inaruhusu riba hadi asilimia 13 kwa mwezi. Mama anayeacha pete ya ndoa ili alipe umeme haitiwi mtaalamu wa kofia.

Sasa reale yenyewe. Umesema ina mwaka 1780, kwa hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 240. Mjomba, yule mama aliyechorwa pale ni Maria Theresa wa Austria, na 1780 ndio mwaka aliofariki. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu hadi Unguja walikwishaizoea sura ile, nyingine hawakuiamini, basi viwanda vikaendelea kuitoa ileile na mwaka uleule, Vienna, baadaye hata London na Bombay, hadi karne ya 20. Ni kama mama mdogo anayetimiza thelathini na tisa kila mwaka. Ya kwenu inaweza kuwa ilitoka kiwandani Babu akiwa ameshaanza shule. Ni gramu 28, fedha sehemu 833 kwa elfu, na Rick angeitupa kwenye mizani akakulipa fedha tu. Nauli ya msafiri ni kubwa kuliko hiyo.

Kinachonitia wasiwasi ni lile ulilolitaja juujuu mwishoni: kijana wa Unguja anayekuja kila Ijumaa kuliulizia kasha. Kasha la misumari ya shaba, lenye saraka ya siri, halafu mnazungumzia reale! Vijana kama yeye wanauzia maduka ya watalii Mji Mkongwe, na wanakuja na sura ya huruma, eti limeliwa na mchwa. Usimtajie bei. Picha usimtumie. Na akikuambia anamwita rafiki yake mtaalamu, mwambie vizuri, na wewe unaye wako, kisha mwite Bibi. Ataanzia siku kasha lilipoingia na mahari yake, nani alilibeba, nani aligoma kulibeba, jahazi lilichelewa wapi. Kabla hajafika kwenye bei, boti ya Unguja itakuwa imeshaondoka, na kijana atabaki kula kwenu. Mpikieni wali.